Daktari anataka kusaga gego langu azibe tundu la jino la mbele, mama anasema jino huzikwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 31, mzaliwa wa Kondoa. Kwa sasa naishi Nkuhungu hapa Dodoma na nafanya kazi ya masjala katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ana jibu lake, na majibu yenyewe hayapatani.

Miaka ya nyuma nilianguka na bodaboda nikajigonga mdomo. Jino la mbele la juu halikutoka siku ile, ila baadaye lilianza kugeuka rangi likawa la kijivu. Nikatibiwa mzizi, likazibwa, nikaendelea na maisha yangu. Mwaka huu fizi juu ya jino hilo imeota kipele. Nikikisukuma kwa ulimi kinatoa tone la usaha lenye ladha ya chumvichumvi, kinanywea, kisha baada ya siku chache kimerudi. Nimezoea kucheka huku nimeshika ncha ya mtandio mdomoni. Ofisini wanadhani nina haya.

Nilikwenda kliniki moja ya meno, daktari akapiga picha akanionyesha mstari mwembamba: mzizi umepasuka. Akasema jino hilo halina uzima tena, litoke. Hapo sikubisha, maana hata mimi nimelichoka. Nikamwambia ningependa baadaye niwekewe lile jino la kupandikiza, la skrubu inayoingia kwenye mfupa. Akaniambia mfupa wangu upande wa mdomo ni mwembamba, na jino likitoka utanywea, kwa hiyo tundu lijazwe siku hiyohiyo.

Sasa sikiliza anataka kulijaza kwa nini. Anasema jino bovu lenyewe halifai kwa kazi hiyo kwa sababu lina dawa ya kuzibia ndani, na limepasuka. Lakini nina gego la mwisho lililoota kwa kuinama, ambalo haliniumi. Alitoe hilo pia, alisafishe, alisage, na chembe zake azishindilie kwenye tundu la jino la mbele. Akasema, "Ni mwili wako mwenyewe, hautaukataa." Kama sitaki, upo unga wa mfupa wa ng'ombe unaoagizwa nje ya nchi.

Nilimpigia mama simu Kondoa. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akasema, "Jino likitoka huzikwa. Wewe unalipeleka mashineni?" Nikamweleza habari ya ng'ombe, akaniuliza, "Nani alimchinja?" Tangu hapo, kila nikipiga anauliza habari za kazi tu, la jino haligusi.

Mchumba wangu anasema ling'olewe, niweke la bandia, tufunge ndoa, mengine baadaye. Harusi iko miezi michache mbele. Rafiki yangu wa ofisini anasema daktari anatafuta hela, ndiyo maana badala ya kung'oa jino moja anataka mawili. Na mimi mwenyewe moyo unasita: nitoe jino zima lisilo na kosa ili niokoe mfupa wa jino bovu?

Fedha ninayo. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama.

Tarehe ya kung'oa nimeshapewa. Nishauri, Shangazi.

Nisiyecheka, Nkuhungu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa kuficha kicheko.

Nikikusoma vizuri, unalo jino ambalo hakuna anayelitetea, wewe, daktari, mama na mchumba wote mmeliaga. Mnagombania tundu litakalobaki. Na ndani ya ugomvi huo yamechanganyika mambo matatu: kama utaratibu huu ni wa kweli au ni ujanja wa mjini, kama gego lako litolewe, na kile kinachoendelea kati yako na mama. Mimi si daktari wa meno, kwa hiyo sitakuambia fanya au acha. Ila naweza kukusaidia kuyatenganisha.

Nianze na la ujanja wa mjini. Hapana, huyo daktari hakulitunga. Sehemu kubwa ya jino, ile iliyo chini ya gamba jeupe, inaitwa dentini. Karibu asilimia 70 yake ni madini, asilimia 20 hivi ni protini, nyingi ikiwa kolajeni, na inayobaki ni maji. Mfupa wa taya umeumbwa kwa vitu hivyohivyo kwa viwango vinavyokaribiana. Mwaka 1965 daktari wa Marekani aitwaye Marshall Urist alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini unaweza kuchochea mfupa mpya kuota, na mwaka 1967 yeye na mwenzake wakaonyesha kuwa dentini nayo ina uwezo huo. Korea Kusini wana hata benki ya meno: jino lako linang'olewa, linatengenezwa, linarudishwa kwako.

Kliniki zenye mashine yake huifanya kazi hiyo ukiwa bado umeketi kwenye kiti. Jino linakwanguliwa ukoga, nyama na sehemu zilizooza, linakaushwa, linasagwa kuwa chembe za takriban milimita 0.3 hadi 1.2, kisha chembe zinarowekwa kwenye dawa kali ya kuua vijidudu na kuoshwa. Dakika 15 hadi 20, yamekwisha. Sharti mojawapo ambalo madaktari wengi hulishika ni jino lisiwe limezibwa mzizi, kwa sababu mabaki ya dawa ya kuzibia yatachanganyika na chembe. Kwa hiyo daktari alipolikataa jino lako la mbele akatazama gego, alikuwa anafuata sharti. Mtu wa kutafuta hela tu angekuuzia unga wa ng'ombe, ambao upo tayari dukani na haumtoi jasho. Lakini rafiki yako naye usimdharau, swali lake la "kwa nini mawili?" ni zuri, nitalirudia.

Na habari ya mfupa kunywea ni kweli. Mfupa ulioshika jino upo kwa ajili ya jino, likiondoka unaanza kujipunguza wenyewe. Katika miezi sita ya kwanza, kwa wastani, upana wake hupungua kwa milimita zinazokaribia 4, na kimo kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Kwa gego la nyuma hakuna atakayeona. Kwa jino la mbele, ambapo ukuta wa mfupa upande wa mdomo mara nyingi haufiki hata milimita 1, fizi huingia ndani pakabaki kibonde, na skrubu ikija baadaye inakosa pa kushika. Wewe tayari una mpasuko na usaha hapo, huenda sehemu ya ukuta huo imeshaliwa. Mwulize daktari akuonyeshe kwenye picha.

Hapa sasa nataka tusimame kidogo kwenye lile neno lake, "hautaukataa". Mwili kutopigana na kitu chake wenyewe, hilo ni sawa. Lakini kutokukataliwa hakuna maana kwamba lazima kazi itashika. Fizi inaweza kufunguka chembe zikamwagika. Usaha usiposafishwa vizuri unaweza kurudi ukaharibu kila kitu, na kwa tundu lenye maambukizi kama lako baadhi ya madaktari hupendelea kusafisha kwanza, wasubiri wiki kadhaa, ndipo wajaze. Kisukari kisichodhibitiwa, sigara, na baadhi ya dawa za mifupa huharibu pia. Tena hata ikishika vizuri, kujaza tundu hupunguza tu kunywea kwa mfupa, hakukumalizi kote. Tafiti zilizolinganisha jino la kusagwa na mfupa wa ng'ombe zimeona matokeo yanayokaribiana, lakini nyingi ni za wagonjwa wachache na muda mfupi. Tofauti inayozungumzwa zaidi ni kwamba chembe za ng'ombe hukaa humo miaka bila kuyeyuka, ilhali dentini hubadilishwa taratibu kuwa mfupa.

Vilevile, mwanangu, unga huo hauoteshi jino. Kuna sehemu katika barua yako nilihisi kama unadhani ukishajaziwa tundu umemaliza. Utakuwa umetunza mfupa. Baada ya hapo unangoja miezi minne hadi sita, ndipo skrubu ya titani iingie kwa gharama yake, ingoje tena miezi kadhaa ishikane na mfupa, ndipo jino lenyewe likae juu. Kwa hiyo swali la kwanza si kama gego lisagwe. Ni kama kweli, ndani ya mwaka mmoja au miwili, utakuwa na fedha na nia ya kuweka hiyo skrubu. Ukiwa nayo, kutunza mfupa leo kuna maana kubwa. Ukijiona huenda hutafika huko, tundu linaloachwa lipone lenyewe linapona: damu inaganda, fizi inafunga, mfupa unajaa ndani yake kadiri unavyoweza. Watu wengi tunaokutana nao Majengo sokoni na kwenye daladala wana meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, wanakula mahindi ya kuchoma na wanacheka. Ubaya wake ni kwamba mfupa chini yake unaendelea kupungua, na baada ya miaka jino la kuvaa hulegea likahitaji kurekebishwa. Njia nyingine ni daraja, jino linaloshikizwa kwa majirani zake. Hilo halihitaji mfupa mwingi, ila kwa kawaida majirani wanachongwa, na kama ni wazima utajiuliza swali lilelile la kuumiza asiye na kosa.

Tuje kwenye gego. Hukuniambia liko juu au chini, na hilo linabadilisha mambo mengi. La juu mara nyingi hutoka kwa urahisi zaidi, ingawa limepakana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, unaofunguka puani. La chini lililoinama hukaa karibu na mishipa ya fahamu inayopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na ulimi, na likitolewa kuna uwezekano, mdogo lakini upo, wa kubaki na ganzi mdomoni au kwenye ulimi kwa wiki, miezi, na kwa wachache moja kwa moja. Hapo ndipo swali la rafiki yako linapostahili jibu. Muulize daktari hivi: "Kama lile jino la mbele lisingekuwa na shida, ungenishauri kulitoa hili gego?" Kama limeinamia jirani yake, chakula kinanasa, jirani ameanza kuoza, basi siku yake ingefika tu, na kulitumia ni kuokota kilichokuwa kinatupwa. Kama limetulia, haliumi, unalifikia kwa mswaki, basi unatoa kiungo kizima ili kupata kijiko kimoja cha chembe ambacho kinapatikana kwa njia nyingine. Wapo watakaosema hata hapo inafaa, kwa sababu ni chako na hakina asili ya mnyama. Mimi ningetaka kusikia jibu lake kwanza, na ningetazama kama anajibu haraka au anarudi kwenye picha.

Njia nyingine hizo zenyewe zisikutishe kwa sababu hazikufafanuliwa. Mbali na ng'ombe kuna unga unaotokana na nguruwe, kuna mfupa wa binadamu aliyejitolea, na kuna wa kutengenezwa kiwandani kwa madini ya kalisiamu na fosfati bila mnyama yeyote. Asili yake huandikwa kwenye kasha. Una haki ya kuomba kasha ulione kabla halijafunguliwa, na daktari wa maana hatachukia. Daktari alikutajia ng'ombe pekee, labda kwa sababu ndiyo aliyonayo. Huu wa kiwandani, ukipatikana, ungemaliza swali la mama la "nani alimchinja", na gego lingebaki mahali pake.

Sasa mama. Nimelisoma jibu lake nikacheka, nisamehe, maana lina ncha. Lakini usilichukue kama ushamba. Kwa Waislamu wengi, kilichotoka mwilini, iwe nywele, kucha au jino, hufukiwa kwa heshima, na mama amekulia hapo. Kama kurudisha jino mwilini kwa ajili ya tiba kunaruhusiwa, hilo si la Shangazi. Mpelekee shekhe mnayemwamini nyote wawili, na umpelekee swali lililonyooka: jino ni langu, linasafishwa, linawekwa kwenye mfupa wangu kwa tiba, haliliwi. Nadhani hata mama alisikia "kusaga" na "kinywani" akaona chakula. Kisha kuna jambo ambalo huenda hujalifikiria: jino la mbele, lile lenye historia yote, halitasagwa. Mwombe daktari akupe, au akupe na mabaki ya gego yasiyotumika, mama azike kwa mkono wake. Kwa kawaida kliniki huyatupa pamoja na taka za hospitali, kwa hiyo sema mapema, kabla ya sindano ya ganzi.

Ila kuna sentensi umeiweka mwishoni kabisa, fupi, ukaiacha hapo. Mabati. Umeandika aya nzima kuhusu ng'ombe na mstari mmoja kuhusu nyumba. Je, mama anajua kwamba fedha ya jino ndiyo fedha ya mabati? Kama anajua, ukimya wake kwenye simu unaweza kuwa hauhusu kuzika wala kuchinja. Mzazi wa kwetu hatakuambia "mwanangu, uliniahidi". Atatafuta sababu nyingine ya kupinga, na dini ni sababu isiyobishiwa. Na kama hajui, basi huenda mzigo huu umeubeba peke yako, na sehemu ya kusita kwako si gego, ni hatia. Sijui ni lipi kati ya hayo. Wewe utajua ukimwuliza uso kwa uso, basi la Kondoa si safari ya siku mbili. Huenda mkakubaliana mabati yaje nusu nusu, huenda akakuambia mvua zikija tutaona. Huenda akakataa kabisa, na hapo utakuwa na uchaguzi mgumu, lakini utakuwa umeujua ulivyo.

Mchumba wako simlaumu, anataka mambo yasogee. Ila "mengine baadaye" ina bei yake kwa jino la mbele, kwa sababu mfupa haungoji harusi. Mweleze hizo milimita. Huenda hajui kwamba kungoja kunaweza kumaanisha upasuaji mkubwa zaidi wa kurudisha mfupa baadaye, na gharama hiyo mtailipa wawili. Akishajua na bado akasema hivyo, mtakuwa mnazungumzia fedha ya nyumba yenu ya kwanza, jambo ambalo wachumba wengi hulikwepa hadi baada ya ubwabwa.

Tarehe uliyopewa inaweza kusogezwa kidogo, ingawa si kwa miezi: usaha unakula mfupa uleule mnaotaka kuutunza. Unaruhusiwa kutafuta maoni ya daktari wa pili. Hapo Dodoma hospitali kubwa zina vitengo vya kinywa na meno, nenda na picha yako mkononi, ni yako. Uliza pia kama huyo wa kwanza amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na ameshafanya utaratibu huu kwa watu wangapi. Uliza kwa adabu, ila uliza.

Na la picha za harusi, ambalo hukulisema lakini mimi nimeoza watoto, najua lipo. Njia yoyote utakayoshika, siku hiyo itakukuta na jino la muda, kwa sababu hakuna mfupa unaopona kwa miezi michache hiyo. Jino la muda linaweza kuwa zuri tu. Wakati wa kuchagua rangi yake, nenda mchana, muombe fundi alilinganishe na meno yako karibu na dirisha badala ya chini ya taa, na usiwe umepaka rangi ya mdomo. Usikubali jeupe kuliko wenzake.